Boti Iliyohamia Kapseret

Watu wengine wakihamia Eldoret huja na makochi, vitanda na magunia ya sufuria. Sisi tulikuja na hayo, na boti juu yake. Siku lori letu lilipoingia Kapseret, nje kidogo ya mji, ng'ombe wa majirani waliacha kula wakainua vichwa, na wenye ng'ombe wakatoka mpaka barabarani. Mmoja alimuuliza mume wangu kama ni Nuhu aliyemtuma. Ndungu alikuwa anaangalia kamba za boti zisilegee.

Jina langu ni Muthoni, ila tangu nizae naitwa Mama Shiko. Boti nayo inaitwa Mama Shiko, kwa herufi nyekundu ubavuni, kwa sababu Ndungu aliinunua mwaka binti yetu alipoanza shule na hakukuwa na mwingine wa kumpa heshima hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili aliwabeba watalii Ziwa Naivasha akiwaonyesha viboko, na mimi nikiuza dukani mtaani Kihoto, kando ya ziwa. Halafu ziwa likapanda, likaingia mitaani, likatufuata mpaka ndani ya nyumba.

Mimi ndiye niliyechagua Eldoret. Watu huwa nawaambia tulikuja kumfuata Shiko, ambaye ni nesi mjini, na huo si uongo. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilitafuta mahali pasipokuwa na ziwa. Mto Sosiani unapita mjini, sawa, lakini ule una mawe mengi kuliko maji. Nilitaka kuishi mahali maji yanatoka kwenye mfereji, na ukiyafunga yanafungika.

Kumbe Ndungu bila maji ni mtu mwingine. Kila jioni, akimaliza kukamua ng'ombe wetu, alipanda kwenye boti pale kando ya zizi, akashika usukani na kukaa kimya mpaka nimwite kula. Kuku wetu mwekundu naye aliona hapo ni nyumba, akataga chini ya kiti cha nyuma na kuanza kutamia. Ndungu akahamia kiti cha mbele ili asimsumbue. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni nikisikia hasira na huruma pamoja, na hasira ndiyo iliyokuwa na mdomo.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Ziwa lilipoanza kusogea Kihoto, nilikuwa nikivunja kijiti kutoka kwenye ufagio kila jioni na kukichomeka pale maji yanapoishia. Asubuhi nikienda, kijiti kiko ndani ya maji. Nikirudi kumwambia Ndungu, anacheka. "Mama Shiko, ziwa nalijua kuliko unavyojijua wewe. Litarudi." Kila siku kijiti, kila siku kicheko. Siku maji yalipoingia mtaani kwa nguvu, alitoa boti akabeba wagonjwa, wazee, magodoro ya watu na hata mbuzi, kutoka alfajiri mpaka jua likazama. Haki yake nampa: mtaani kwetu hakuna aliyezama. Lakini duka langu alilifikia mwisho, na sukari ikishalowa ni maji matamu tu. Hakuwahi kuniambia pole. Wanaume wa kwao neno hilo hawana. Wakikosa, wanaleta nyama. Ndungu alileta kilo mbili, tukala, na mimi nikabaki na donge langu.

Basi nikamtafuta mnunuzi wa boti. Njenga, mwenye kibanda cha nyama choma njiani kuelekea uwanja wa ndege, alikuja, akaizunguka mara mbili, akaipenda. Nikamwambia Ndungu jioni hiyo hiyo, nikiwa nimesimama mlangoni mwa zizi. "Baba Shiko, ukipata mahali pazuri pa kuifunga hii kitu kabla ya Jumamosi, sitasema neno. Usipopata, Njenga anaichukua."

Aliachia usukani akanigeukia. "Utakuja nami kutafuta?"

"Nitakuja. Wewe ukiona maji akili inaruka."

Mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwetu, ukiteremka kuelekea magharibi, kuna mto uliozibwa zamani kwa ajili ya mashamba, ukapanuka na kutulia kama bwawa refu. Watu wachache huweka boti huko. Alhamisi asubuhi tuliwasha pikapu tukaenda, tukiiacha boti nyumbani na kuku wake.

Mahali pa kwanza palikuwa hoteli mpya. Meneja, kijana wa tai anayeitwa Lawrence, alitupokea utadhani tumekuja kuinunua hoteli yenyewe. Alikuwa na gati la saruji lililonyooka mpaka ndani ya mto, taa mbili juu ya vyuma, na pete za chuma zinazong'aa za kufungia kamba.

"Mzee, hapa ndio marina ya ukweli," alisema. "Security twenty-four hours. Na wageni wakiona boti yako, hiyo ni biashara."

Ndungu alipiga saruji kwa kisigino, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu tuhame, na nikajua nina kazi. Niliangalia miti ya ukingoni. Kwenye matawi, juu kunishinda hata nikinyoosha mkono, kulikuwa na mifuko ya nailoni iliyokauka, majani makavu, na ndala moja ya mtoto.

"Ile ndala ilipandaje pale?" nilimuuliza Lawrence.

"Madam, hiyo ni upepo."

"Upepo wa hapa unavaa ndala?"

Ndungu alikohoa. Lawrence akacheka kidogo, akaanza kutueleza kuhusu samaki wa kukaanga wa hotelini. Kizuri chajiuza, wahenga walisema. Huyu alitufuata mpaka kwenye gari, akashika mlango.

Mahali pa pili palikuwa pa bure. Mzee Kiprotich, mwenye shamba la ng'ombe, alikuwa na roho safi na ukingo mzuri wa nyasi, na alitukaribisha kwa maziwa lala. Lakini ng'ombe wake hunywa maji hapo hapo, arobaini kwa pamoja, na yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akatuambia kwamba mwezi wa kwanza, maji yakipungua, mawe hutokea mpaka wanawake wa hapo huanika nguo juu yake. Ndungu alifikiria propela yake, akakunja uso. Tulimshukuru, tukaondoka na chupa ya maziwa.

Mahali pa tatu ndipo tulipogombana.

Palikuwa pa mwanamke wa Vihiga anayeitwa Kavetsa, anayepika chapati na chai kwenye kibanda kilichojengwa juu kabisa ya ukingo, mbali na maji. Gati lake halikuwa gati. Lilikuwa mbao zilizopigwa misumari juu ya madramu ya plastiki ya bluu, nazo zimezungushiwa pete za chuma kwenye nguzo mbili ndefu za mkaratusi zilizosimikwa mtoni. Ukikanyaga, linacheza. Boti tatu kuukuu zilifungwa hapo, kila moja kwa kamba ndefu.

"Hiki ni kitanda cha kuanikia vyombo," Ndungu alisema kwa sauti ya chini, lakini Kavetsa alisikia.

"Ni kweli, Mzee, si kirembo," alisema akipindua chapati. "Lakini maji yakipanda, kinapanda. Yakishuka, kinashuka. Hapa maji hayakai mahali pamoja. Mvua ikinyesha huko kwenu juu jioni, asubuhi iko kwangu."

"Hiyo nzuri," nilisema. "Baba Shiko, hapa."

"Hapa? Kwa madramu? Mama Shiko, nimefunga boti miaka ishirini na miwili. Unafunga kwenye kitu kigumu, unafunga fupi, boti haigongwi. Pale hotelini ni mahali pa boti. Hapa ni mahali pa chapati."

"Hiyo ni ya ziwani! Ukifunga fupi kwenye saruji na mto upande, kamba itaivuta boti chini ya maji kama mbuzi aliyenyongwa. Na wewe utasema mto unaujua!"

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Kavetsa aliangalia chapati yake. Na kwa sababu nilikuwa nimeshaanza, nikamaliza. "Chagua wewe. Boti ni yako. Mimi nilishamwambia Njenga aje Jumamosi na watu wa kuikata."

"Kuikata?"

Hapo nikakumbuka sikuwa nimemwambia. Njenga alitaka kuikata ubavu mmoja, aigeuze kaunta ya baa. "Na jina anataka libaki," nilisema, na nilipojisikia nikisema, nikaona aibu. Walevi wa njia ya uwanja wa ndege wangelaza viwiko vyao juu ya Mama Shiko kila Jumamosi. Na ni mimi niliyekubali, kwa mdomo wangu.

Ndungu hakupiga kelele. Aliteremka ukingoni polepole, mikono nyuma, akasimama kwenye tope akiangalia maji. Kisha alivunja tawi dogo la mkaratusi, akalichonga kwa kisu chake cha mfukoni, akainama na kulichomeka pale maji yalipoishia. Alilisukuma kwa kidole gumba mpaka likasimama wima. Nilimtazama nikiwa juu.

"Tunywe chai," alisema aliporudi. "Kesho tuje tuone."

Jioni hiyo mvua ilinyesha Kapseret mpaka tukashindwa kusikilizana ndani ya nyumba. Hakuna aliyezungumza juu ya boti. Ndungu alitoka mara moja tu, na koti kichwani, kumfunika kuku kwa turubai.

Ijumaa tulifika kwa Kavetsa saa mbili asubuhi. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa na ulikuwa unatembea. Tulitafuta kijiti. Kilikuwa ndani kabisa, maji yamekipita kwa zaidi ya urefu wa mtu mzima, na kama si kwamba Ndungu alikuwa amehesabu hatua kutoka kwenye nguzo, tusingejua kilipokuwa. Upande wa chini, kule hotelini, gati la saruji halikuonekana. Zilibaki taa mbili zimesimama katikati ya mto, bado zinawaka.

Madramu ya Kavetsa yalikuwa yamepanda nguzo zake mpaka karibu na kibanda. Boti zake tatu zilikuwa zinaelea kwenye kamba zao ndefu, zinacheza kidogo, kavu ndani. Kavetsa mwenyewe alikuwa anakanda unga.

"Karibuni," alisema. "Leo hamtashuka mbali."

Ndungu alikuja kusimama kando yangu. Nilingoja aseme mto huu ni wa ajabu, au mvua ilikuwa ya kipekee. Nilikuwa na jibu tayari.

"Vilikuwa kumi na moja," alisema.

"Nini?"

"Vijiti vyako vya Kihoto. Nilikuwa naamka kabla yako. Naenda pale, naviangalia, naona vile vimezama, halafu narudi kitandani najifanya nimelala."

Nilimgeukia. "Ulikuwa unaviona? Na ukanicheka?"

"Nilicheka kwa sababu niliogopa, Mama Shiko. Ziwa lilikuwa kazi yangu. Kama silijui ziwa, mimi najua nini?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningepaswa kuhamisha duka siku ya tatu. Ulikuwa umeona. Pole."

Miaka thelathini ya ndoa, na neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Sikujua nilifanyie nini. Nililia kidogo, nikamwambia ni moshi wa Kavetsa, na Kavetsa, Mungu ambariki, akakohoa kana kwamba moshi umemwingia yeye pia. Kisha nikatoa simu nikampigia Njenga, nikamwambia atafute mbao za kaunta kwa fundi kama watu wengine.

Jumamosi boti ilienda mtoni kwa trela, nyuma ya pikapu. Kuku tulimhamisha na mayai yake kwenye katoni ya sabuni, akalalamika mpaka langoni. Ndungu alifunga kamba ndefu, akaipima, akairefusha tena, akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Alininyooshea mkono kutoka ndani ya boti, na mimi niliyekuwa nimeapa sitakanyaga maji tena, nikavua viatu vyangu vya kanisani, nikaingia. Kavetsa alitupigia makofi kwa mikono yenye unga.

Sasa tunaenda karibu kila wiki. Ndungu anawabeba watu wa harusi wanaotaka picha, na siku nyingine ananibeba mimi peke yangu na chapati za moto. Kuku aliangua vifaranga tisa. Na kila tunapofika, kabla hajagusa kamba, Ndungu anavunja kijiti, anateremka ukingoni na kukichomeka pale maji yanapoishia. Mimi namngoja juu, na simcheki.