Upande wa Mokeira

Mzee Onsongo aliwanunulia watoto wake wawili kompyuta moja kwa bonasi ya mauzo ya chai yake, na Mokeira ndiye aliyeigawa sehemu mbili: mfumo wa Windows kwa kaka yake Ombati, wa Linux kwake. Kila ilipowashwa, menyu fupi iliuliza mfumo upi uanze. Siku Mokeira aliporudi nyumbani Nyansiongo kutoka chuoni, haikuuliza. Ilikwenda moja kwa moja kwa Ombati, kama ng'ombe ajuaye zizi lake.

"Ombati, menyu iko wapi?"

"Nimeiondoa. Inachelewesha watu."

"Na kazi yangu?"

Ombati alichovya mkate katika chai. "Mokeira, wewe utaolewa. Hata shamba hili, siku baba akiligawa, una kipande? Hapa wewe ni mpita njia. Tangu lini mpita njia akapewa nusu ya kompyuta?"

Mzee Onsongo alikohoa, akaongeza sauti ya redio. Hilo ndilo lililomchoma Mokeira zaidi. Ujinga wa kaka uliweza kujibiwa. Kimya cha baba kilikuwa na hatimiliki.

Upande wake ulikuwa na sauti alizozirekodi katika soko la Daraja Mbili kwa miaka miwili, wanawake wauza ndizi wakipatana bei na kutukanana kwa lugha yao ya Ekegusii. Tasnifu yake yote ilizitegemea. Orpah, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, alikuwa amekwisha kuzikwa. Hangeweza kuombwa arudie. Nakala ya akiba haikuwepo, na hasira juu ya uzembe wake huo Mokeira aliiwekea siku nyingine.

Aliiwasha kompyuta upya kwa flashi iliyobeba Linux, akafungua orodha ya sehemu za diski. Sehemu yake ilikuwepo, nzima. Ombati alikuwa ameng'oa mlango, kisha akatangaza kwamba nyumba haipo.

Akaisakinisha tena ile programu ndogo inayoamka kabla ya mifumo yote na kuuliza nani aingie. Akaingia kwake. Akabonyeza faili la kwanza la sauti, na Orpah akamwambia mteja fulani kwamba kama hana pesa, majani ya mgomba hayauzwi, ajichukulie akale.

Mokeira hakucheka. Alinakili kila kitu kwenye flashi nyingine. Sasa aliweza kuifuta Windows asibakize hata alama, na alikaa kitambo akiitazama amri hiyo kwenye kioo. Lakini kufuta ilikuwa tabia ya Ombati. Akalifungua faili la mipangilio ya menyu, akabadilisha maneno machache, akaizima kompyuta.

Asubuhi Ombati aliiwasha mbele ya baba yake. Mistari miwili ikatokea. Wa kwanza, ulioteuliwa tayari, uliandikwa "Mokeira".

"Na hii 'Mpita njia' hapa chini ni nini?" aliuliza Ombati.

"Ni wewe," alisema Mokeira. "Bonyeza upesi. Ukichelewa, inaingia kwangu."

Ombati alimgeukia baba yake. Mzee Onsongo alikuwa amepunguza sauti ya redio.