Bei Tatu za Santuri Moja

Kiwandani walimwita Bei Tatu, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ofisa manunuzi wa kiwanda cha sabuni, na hakuwahi kununua hata kufuli bila kwanza kupata bei kwa wauzaji watatu. Wengine walisema ana mkono wa birika. Walimwonea bure, alikuwa mwaminifu tu, akapitiliza.

Sasa kaka yake alikuwa hoi kitandani. Hospitali iliwaambia wamrudishe nyumbani, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jumapili mgonjwa akamshika mkono mdogo wake, akaomba kitu kimoja: santuri ya kwanza ya bendi yake ya roki, ile aliyorekodi na wenzake wakiwa vijana wa suruali za kubana, kabla bendi haijavuma na yeye kuachwa nyuma.

"Si zimo kwenye simu hizo nyimbo, kaka?"

"Za kwenye simu walirekodi upya. Gitaa wakampa mwingine. Mimi nimo kwenye ile ya zamani tu, mdogo wangu. Nataka nijisikie mara moja, basi."

Jumatatu aliipata, tena duka la kwanza tu. Muuza santuri, mzee mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitoa kwenye ganda lake, akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Elfu themanini. Kwenye picha ya ganda kaka yake alikuwa wa pili kutoka kushoto, nywele tele, anacheka. Pesa ilikuwa mfukoni. Lakini Bei Tatu hakusema kwamba yule ni kaka yake, maana muuzaji akijua una shida atakuchuna hadi mfupa. Akakunja uso, akasema, "Nitapita." Mtu mzima na akili zake!

Jumanne akamwendea fundi redio wa mtaa wa pili. Fundi hakuwa nayo, ila akaahidi kuitafuta kwa laki moja. Jumatano, mama muuza vitabu vikuukuu akasogea pembeni kupiga simu, akarudi na laki na ishirini. Bei Tatu akaondoka roho kwatu: bei tatu kamili, na ya kwanza ndiyo nafuu.

Alhamisi asubuhi muuza santuri alijikuna kidevu. "Imepanda, mzee wangu. Laki na nusu. Wiki hii inagombaniwa, sijapata kuona! Juzi kaniulizia fundi redio, ana mteja. Jana mama wa vitabu, naye ana mteja. Na wewe wa tatu."

Bei Tatu akapiga hesabu. Mji mzima ulikuwa na santuri moja, na wateja wote watatu walikuwa yeye mwenyewe. Akalipa, hata risiti asidai.

Shemeji yake alimpokea mlangoni, macho mekundu. "Hajaamka tangu jana jioni. Anapumua tu."

Hata hivyo akaiweka santuri kwenye mashine yao kuukuu, akashusha sindano. Gitaa likalia, la kijana mwenye haraka, likikosea kidogo na kujirekebisha. Alivitazama vidole vya kaka yake juu ya shuka. Havikutikisika.

"Shemeji, aliniulizia?"

"Jana mchana. Nikamwambia bado unalinganisha bei."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Mwache. Huyo ndiye mdogo wangu.'"

Afadhali angemtukana. Matusi angeyabeba. Bei Tatu akakaa sakafuni kando ya kitanda, akalia kwa sauti bila kujificha, na wimbo ulipoisha akaurudisha mwanzo, kwa ajili ya mtu ambaye jana tu angeusikia.