Leso Zilizofukizwa Udi

Muuguzi Zilpah aliuliza mara ya pili: "Maji yalikuwa na rangi gani?"

Alawiya alimtazama bintiye Ummukulthum, aliyelala kitandani akiuma mdomo, kisha akamgeukia Mwanakuu, mama mkwe wa binti. Chupa ya uzazi ilipasukia nyumbani kwa Mwanakuu, kule Kibokoni, kabla ya alfajiri. Yeye mama mzazi aliitwa baada ya adhuhuri.

"Rangi ya maji," Mwanakuu akajibu. "Leso zote zilizolowa nimezifua, nikazifukiza udi. Ulitaka nikuletee mzazi ananuka?"

Damu ikamchemka Alawiya. Hodari wa chetezo cha kufukizia udi! Leso zanukia kama za bi harusi, na ndiyo maana hakuna ajuaye lolote.

Zilpah akaeleza. Mimba imetimia, moyo wa mtoto wapiga vizuri. Maji yakiwa safi, mtu aweza kungoja kidogo uchungu uje wenyewe, au aanzishiwe kwa dripu; kungoja sana huleta maambukizi. Yakiwa na rangi, hakuna kungoja.

"Tutangoja," Mwanakuu akasema. "Mtoto ana saa yake kwa Mola. Mimi wangu wote nimewazaa bila dripu."

"Mimi nataka kuanzishiwa," Ummukulthum akasema.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Namuuliza mimi!" Alawiya akafoka. "Ndiye mwenye tumbo. Na usijifiche nyuma ya Mola, mkwe. Mola katupa macho, wewe ukayatia moshi!"

"Makubwa! Leo wanifunza dini?"

"Nakufunza kufua."

Akavua leso yake ya ndani ya buibui, yenye mji mweupe, ule uwanja wake wa kati, isiyo hata tone la marashi, akaikunja na kumwekea bintiye mapajani. Wakangoja. Midomo ya Alawiya ilisoma Ayatul Kursi, macho hayakubanduka kwenye leso. Binti akakohoa, maji yakamtoka. Zilpah akaitoa leso, akaipeleka penye mwanga wa dirisha. Ule weupe ulikuwa umeingia kijani, kama majani yaliyopondwa.

"Mtoto amejisaidia ndani," akasema. "Tunaanzisha sasa hivi. Namwita daktari." Akaiweka leso kwenye trei, akatoka mbio.

Mwanakuu, uso umemshuka, akanyoosha mkono. "Nikaisuuze, mkwe. Aibu watu kuiona."

Alawiya akamdaka kiganja, akakibana hasa.

"Iguse uone! Daktari ataiona vivyo hivyo ilivyo."