Rubani Hapandishwi Kufunga Mdomo

Kipanga alipiga magoti chini ya bawa la ndege, akakinga mafuta ya tangi kwenye chupa ya kioo, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kuruka. Akaiinua juani. Maji yalikuwa yamejikalia chini ya mafuta, kina cha kidole kizima, kama mgeni asiyejua kuaga.

"Leo haturuki. Maji haya yakifika kwenye injini, itatuzimikia angani."

Fundi alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Dada, hilo mwambie Meneja mwenyewe. Mimi kazi bado naipenda."

Meneja alishafika, tai imemrukia begani. Nyuma yake abiria wanane walikuwa wameketi juu ya mizigo yao.

"Vimaji hivyo tu? Mwenzako jana karuka, wala hakuuliza. Binti, wewe ni dereva, tofauti yako ni mabawa. Dereva anaendesha. Huruki, vua beji."

Kipanga aliigusa beji kifuani. Alikuwa amefagia karakana hii miaka sita kabla ya kuivaa beji ile.

"Marehemu baba yangu alikuwa rubani," alisema, "na ndege hakuipanda hata siku moja."

"Rubani wa nini basi, wa baiskeli?"

"Wa meli, mzee. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, likaogelea miaka na miaka kabla ya kuota mabawa. Rubani ndiye aliyejua miamba ilipo. Meli ikikaribia bandari, baba alipandishwa kwa ngazi ya kamba, na kuanzia hapo hata tajiri mwenye meli alisikiliza. Akisema tia nanga, wanatia. Mwenye haraka aogelee."

"Mwanangu," alidakia bibi mmoja kutoka kwenye mizigo, "mimi kuogelea sijui!"

Abiria wakaangua kicheko. Meneja hakucheka.

Kipanga akavua beji, akaiweka juu ya bawa. Kisha akamkabidhi Meneja ile chupa.

"Kiti cha mbele ki wazi. Karibu uendeshe, dereva."

Meneja aliitazama chupa, akawatazama abiria. Sasa wote wanane walikuwa wanamtazama yeye.

"Fundi," alisema kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa, "mwaga mafuta yote, usafishe tangi." Akamgeukia Kipanga. "Na wewe, tutaongea ofisini."

"Tutaongea," alijibu Kipanga, huku akiibandika beji kifuani. "Nikishamaliza kukagua bawa la pili."