Koti la Mtoro

Tangu asubuhi Mumbua hakutulia. Alitandika kitanda kimoja mara mbili, akampelekea mzee mmoja chai ya mwenzake. Mfukoni mwa aproni alikuwa na barua ya Solomon, mchumba wake. Kibali cha Solomon cha kukaa Uingereza kilikuwa kimekwisha, mwenye nyumba wake wa mtaa wa Selly Oak alimfukuza, na polisi walishafika kumuulizia. Aliomba kitu kimoja tu: ajifiche chumbani kwa Mumbua, kwenye bweni la wauguzi ambako wanaume hawakuruhusiwa, mpaka mambo yapoe. Na Mumbua alikuwa amebakiza miezi mitano apate cheti cha uuguzi.

Ilikuwa Jumapili, mwaka 1974, na kwenye makao ya wazee alikofanya kazi kulikuwa na sinema mchana huo. Chhotubhai, mfagizi aliyewahi kuonyesha picha Kisumu, alikuwa ameazima projekta na filamu ya kale isiyo na sauti.

"Sista, nifungie mapazia," alimwambia kwa Kiswahili, ambacho humo ndani walikijua wao wawili tu. "Halafu umlete Bi Gertrude. Anasema atatupigia piano."

Bi Gertrude alikuwa na miaka themanini. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikuwa mpiga piano wa jumba la sinema huko Erdington, na vidole vyake, ingawa vilikuwa vimepinda, havikusahau kazi.

Picha ilihusu msichana wa shambani na mchumba wake, askari aliyetoroka vitani. Wanajeshi walipokuja kumsaka, msichana alivaa koti la mchumba akatimua mbio kuelekea msituni, ili wamfuate yeye. Bunduki zikainuliwa. Hapo piano ikanyamaza. Moshi ukafuka, msichana akaanguka, na ukumbini ikasikika projekta peke yake.

Mumbua alimkimbilia bibi. "Unaumwa?"

"Naikumbuka picha hii," Bi Gertrude alisema. "Walter, mchumba wangu, alikuja likizo kutoka vitani, akaniomba nimfiche kwenye ghala la makaa. Nikamwambia asinitie aibu, arudi kwa wenzake. Hakumaliza mwezi, akauawa. Kisha picha hii ikaletwa, nikaipigia piano wiki nzima, watu wakilia."

"Ulikuwa msichana mdogo, bibi."

"Ufunguo wa ghala nilikuwa nao mimi."

Mumbua alimlaza, kisha akashuka kwenye simu ya chini. Akarudi juu. Akashuka tena, akarudi. Mara ya tatu akatumbukiza sarafu, akapiga namba iliyoandikwa kwenye barua.

"Njoo," alimwambia Solomon. "Leo saa kumi na moja jioni, mlango wa nyuma wa bweni."

Kwa siku sita waligawana sahani moja, na kila mshindo wa nyayo koridoni uliwashtua. Siku ya saba metroni, mkuu wa wauguzi, alifungua mlango bila kubisha. Solomon alichukuliwa na polisi, Mumbua akafutwa kazi asubuhi ile ile.

Chhotubhai alimbebea sanduku mpaka kituo cha basi. "Unajuta, dada?"

"Sijui. Niache kwanza nijue wamempeleka wapi."

Walimrudisha Solomon Kenya. Mumbua alimfuata baada ya wiki tatu, wakafunga ndoa Machakos. Uuguzi aliuanza upya, mwaka wa kwanza, darasani na wasichana aliowazidi miaka minane.