Wawili kwa Nauli ya Mmoja

Treni ilikuwa imekwisha acha stesheni, nyumba za mwisho za mji zinarudi nyuma na nguo zao kwenye kamba, na Jicho alikuwa bado hajatulia kitini. Mkewe alimvuta mkono wa shati.

"Kaa, mzee. Ulishastaafu."

"Si nimekaa?"

"Makalio yamekaa. Macho je?"

Jicho lilikuwa jina alilopewa na wenzake wa reli. Miaka thelathini na mmoja alikagua tiketi, na hawakumpita: mwenye tiketi ya jana, mwenye mtoto wa miaka tisa anayeambiwa aseme ana minne, anayejifanya amelala fofofo. Kazini sifa hiyo ilimpa cheo. Nyumbani ilileta balaa. Alipostaafu alikosa abiria, akaanza kumkagua mkewe. Akikuta vikombe viwili vimelowa karoni, nani alikuja? Mke akirudi kutoka zahanati alikokuwa mkunga, mbona dakika arobaini na njia ni ya ishirini? Mama wa watu alivumilia miaka mitatu. Mwezi uliopita dada yake, aliyekaa karibu na stesheni ya tatu ya reli hiyo, alimtengea chumba, akakifagia, akatundika pazia.

Ndipo mkunga alipoliona tangazo la safari ya wanandoa: treni, chumba usiku mmoja na chai ya asubuhi, wawili kwa nauli ya mmoja.

"Tunakwenda," alimwambia mumewe. "Siku mbili usimkague mtu. Si mimi wala mwingine. Ukiweza, Jumapili narudi na wewe nyumbani. Ukishindwa, nashukia kwa dada."

Jicho aliapa. Na alipoapa alikuwa anamaanisha, tusimwonee.

Shida ilikuwa kiti cha mbele. Magoti kwa magoti nao walikaa mwanamume na mwanamke wa makamo, mkoba umewekwa katikati yao kama ukuta. Mwanamume alikuwa fundi rangi, kucha zilimsema. Mwanamke alikuwa na viatu vipya ambavyo bado vinamchubua kisigino. Alifungua chupa ya chai.

"Unatia sukari?"

"Niliacha."

"Aha. Na hapo jua halikuchomi?"

"Niko sawa, asante."

Masikio ya Jicho yalisimama. Mke hajui kama mumewe anatia sukari? Halafu asante! Watu wa kitanda kimoja wanaambiana asante kama wako benki?

"Naiona shingo yako," mkunga alisema bila kuinua uso kwenye ufumaji wake.

"Naangalia mandhari."

"Mandhari yako dirishani. Hapo unapoangalia pana watu."

Walipopita stesheni ya kwanza, yule mwanamke alitoa kitambaa chenye fundo, akalifungua kwa meno, ikatoka pete. Akaisukuma kidoleni. Ikagoma kwenye kiungo. Akailowesha kwa mate, ikaingia. Fundi rangi aligeukia dirishani kama vile hakuona.

Pete ya kuazima, Jicho alijisemea. Hawa wameokotana kwenye dirisha la tiketi, kila mmoja alipe nusu. Damu ya kazi ikaanza kumchemka. Aliahidi kutokagua, sawa. Lakini kukagua si ni kuuliza? Yeye hatauliza mtu neno.

Baada ya stesheni ya pili alinyanyuka. "Naenda msalani."

Mlangoni mwa behewa alimkuta mkaguzi, mwanamume mwenye kitambi na mvi, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kiti cha kumi na nane na kumi na tisa. Si wanandoa wale."

"Tiketi zao nimeziona, ziko sawa."

"Tiketi ziko sawa, watu hawako sawa. Nilikufundisha kukagua karatasi au watu?"

Mkaguzi alijikuna kisogo. Mwalimu ni mwalimu. Jicho alirudi, akakaa, akakunja mikono kama mtoto aliyekwisha kuiba sukari.

Mkaguzi alikuja akasimama juu yao. "Samahani, ni utaratibu tu. Mama, huyu ni mumeo?"

Behewa zima likageuza shingo. Fundi rangi alitia mkono mfuko wa shati, akatoa cheti cha ndoa kilichochanika kwenye mikunjo. "Ni mke wangu. Mwaka wa kumi na tano huu."

Mkaguzi alikisoma, akakirudisha haraka kama kinaunguza. "Basi, yamekwisha."

"Hayajaisha," mwanamke alisema. "Umeniuliza mimi. Tumetengana miaka minne. Ameniomba siku mbili tukae, tuonane. Hilo swali lako ndilo nilipanga kumjibu kesho, kwa wakati wangu."

"Usilijibu," fundi rangi alisema. "Achana naye."

"Nilitaka kusema ndiyo hapa hapa, nikuondolee aibu. Ulimi umekataa." Alianza kuivuta pete, na sasa ilikuwa haitoki. "Bora nimelijua jibu, baba," alimwambia fundi rangi. "Samahani."

Mkaguzi hakujua pa kuweka macho. Akamtazama Jicho, mara moja tu. Lakini mkunga alikuwa anamtazama mkaguzi.

Alikunja ufumaji, akashusha begi lake.

"Sikumuuliza mtu!" Jicho alisema.

"Kweli. Ulituma."

"Lakini umesikia mwenyewe, hawakuwa kama wanandoa."

"Na mimi je? Ungekuwa kiti kile ukanitazama, ungesema nimekaa kama mke?"

Jicho alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuona kitu. Treni ilikuwa inapunguza mwendo kuingia stesheni ya tatu. Neno moja tu la kumbembeleza lingetosha, pengine. Akafungua kinywa:

"Dada yako anajua unakuja leo? Ulimwambia lini?"

Mkunga alicheka, kicheko cha kuchoka, akateremka.

Alikaa kwa dada yake, akapata kazi zahanati ya huko, na hakurudi. Jicho alifika mwisho wa reli peke yake, akalala kwenye chumba cha wawili, akarudi Jumapili. Siku hizi anakaa kwa binti yao, ambaye amemkataza kushika simu za watu. Fundi rangi na mkewe walimaliza safari kwa sababu chumba kilikuwa kimekwisha lipiwa, wakaachana kisheria miezi mitano baadaye. Mwanamke anauza vitambaa. Fundi rangi alioa tena. Mkaguzi aliomba ahamishiwe treni za mizigo, akakubaliwa.