Usoni au Mgongoni

Katika karakana yetu tunatengeneza vitu vya bati ambavyo huvipati dukani: vifuniko vya mashine, matangi, mifereji ya kupitishia nafaka viwandani. Kaka Mkubwa hupima na kuchora, Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, hukunja, nami nasaga kingo kwa grenda zisije zikamkata mtu. Bati lina pande mbili, kwa hiyo anayechora humwambia anayekunja neno moja tu. "Usoni" maana yake kunja kuelekea upande wenye chaki. "Mgongoni" ni kinyume chake. Ukikosea, shingo ya mfereji iliyotakiwa kupinda kushoto inapinda kulia, na bati lililokwisha kukunjwa hata ulipige nyundo namna gani halirudi kuwa lile.

Sasa wale wawili walikuwa wamenuniana. Kitinda alimwambia mteja, Kaka akisikia, "Vipimo nitavirudia mimi, macho ya kaka siku hizi yanamdanganya." Ilikuwa kweli, lakini kweli nayo ina mahali pake. Tangu hapo maneno yote yakapitia kwangu. "Mwambie mwenzako anisogezee koleo," na mwenzake huyo yuko hapo hapo, wanakaribia kugusana mabega. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua grenda yangu.

Kiwanda cha unga kikatuletea bati lao zuri, lisiloshika kutu. Walitaka mdomo wa kumwagia unga, shingo ipinde kushoto. Wakiridhika, kazi zao zote zingekuja kwetu. Kaka alichora, akaliweka bati mezani kwa Kitinda, akaenda zake bila kusema usoni wala mgongoni. Kitinda aliliangalia bati, akamwangalia Kaka akiondoka, nikaona anafungua kinywa. Akakifunga. Akakunja.

Msimamizi wa kiwanda alipokuja kuuchukua, aliuzunguka mdomo ule mara kadhaa.

"Fundi, mashine yangu inamwaga kushoto. Huu ni wa kwenda wapi?"

Shingo ilikuwa imepinda kulia. Tukamrudishia bati jingine, akalipeleka kwa mafundi wengine.

"Mwambie mwenzako alitakiwa aulize," Kaka aliniambia.

"Mwambie yeye alitakiwa aseme," Kitinda naye akaniambia.

Wote walikuwa na haki na wote walikuwa wajinga, na niliwaambia hivyo. Kesho yake Kitinda alifungasha nyundo zake akaenda kufanya kazi kwa watu. Kaka akawa anajichorea na kujikunjia mwenyewe, na ule mdomo ukabaki mlangoni ukitukwaza.

Mvua zilikuja zikaisha, ndipo msimamizi akarudi. Walikuwa wamefunga mashine ya pili, inatazamana na ya kwanza, na hiyo inamwaga kulia. Aliupima mdomo wetu, akaondoka nao. Jioni akatupigia simu kusema umekaa sawasawa.

Kaka alicheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

"Mpigie mwenzako," akasema, "mwambie ule mdomo umepata mwenyewe."

Nikampigia Kitinda, nikamwambia.

"Dada, yeye amesema nirudi?"

Nilimnyooshea Kaka simu. "Anauliza kama arudi. Mjibu mwenyewe, neno moja tu."

Kaka aliitazama simu mpaka mkono wangu ukachoka. Kisha akavaa kofia yake ya kuchomelea, akashusha kioo, akainamia meza. Mezani hapakuwa na kitu cha kuchomelea.

"Dada, bado upo?" Kitinda aliuliza.

Nikamwambia nipo.